KUMBE MAZOEZI YANAUMIZA DNA? Historia ya Watu Wasio na Majina Waliotoa Damu Mpaka Jibu Likapatikana

Katikati ya miaka ya 1990, katika mji wa Ulm nchini Ujerumani, watu wachache wenye afya zao walipanda kwenye mashine ya kukimbilia. Mwendo ulianza taratibu, ukaongezwa, ukaongezwa tena, mpaka miguu ikagoma na pumzi ikakata. Wakashuka, wakatolewa damu, wakaenda zao. Kesho yake wakaitwa tena, wakatolewa nyingine.

Damu ya kwanza, ile ya mara tu baada ya kushuka, haikuwa na stori. Ya kesho yake ndiyo ilikuwa na stori. Kwenye darubini, DNA ndani ya seli nyeupe za damu ilionekana imekatikakatika.

Majina ya watu wale hayajulikani. Kwenye ripoti ya watafiti wamebaki kuwa namba tu: mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Lakini damu yao ilizua swali zito. Kila mtu anajua kansa huanza pale DNA inapoharibika na isitengenezwe vizuri. Sasa kama kukimbia kunakata DNA, yule anayeamka saa kumi na moja alfajiri kupiga tizi anajijenga au anajimaliza mwenyewe?

Jibu lilichukua karibu miaka mia moja kupatikana. Na waliolileta si mabingwa wa Olimpiki wala mastaa. Ni makonda wa mabasi, wanafunzi, wavuta sigara na vijana wa kawaida waliokubali kuchomwa sindano.

Enzi za mshumaa

Mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wengi waliutazama mwili kama mshumaa. Ukiwaka kwa nguvu, unaisha mapema. Mwaka 1908 mwanafiziolojia wa Ujerumani, Max Rubner, alilinganisha wanyama mbalimbali. Akaona kwamba kila gramu ya mwili wa mnyama hutumia kiasi kinachokaribiana cha nishati katika maisha yote, awe mnyama mdogo anayekufa mapema au mkubwa anayedumu.

Miaka 20 baadaye, Mmarekani Raymond Pearl wa Baltimore akalisukuma wazo hilo mbele zaidi kwenye kitabu chake cha mwaka 1928. Kwa Pearl, kasi ya kuishi ndiyo inayoamua urefu wa maisha. Anayejichosha anakula akiba yake, anayetulia anaitunza.

Wazo hili lilikaa vichwani mwa watu kwa muda mrefu, na hata leo lipo mtaani. Ni lile la mzee anayemwambia kijana, "Acha kujitesa, mwili si chuma." Lilikuwa na mantiki, ila hakuna aliyekuwa amelipima kwa watu wenyewe.

Makonda wa London wavunja hesabu

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na tatizo. Wanaume wa makamo walikuwa wanaanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo, na hakuna aliyejua kwa nini. Daktari Jeremy Morris na wenzake wakatafuta kundi la watu wa kulinganisha. Wakalipata kwenye mabasi ya ghorofa ya London.

Kila basi lilikuwa na watu wawili. Dereva alikaa kwenye kiti chake siku nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi za ghorofa kukata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku moja. Watu hawa walitoka mitaa inayofanana, walivuta moshi wa jiji moja, na mshahara wao haukupishana sana. Tofauti kubwa ilikuwa ni ngazi.

Watafiti wakafuatilia wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000. Matokeo yalitoka mwaka 1953: makonda waliugua moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva. Na hata walipougua, hawakufa haraka kama madereva.

Wabishi hawakukosekana. Wakasema labda wanene ndio wanaochagua udereva. Morris na wenzake wakaenda mpaka kwenye rekodi za sare za kazi na kuangalia saizi za suruali. Ni kweli, madereva walikuwa na viuno vipana zaidi tangu mwanzo. Hoja ya wabishi ilikuwa na ukweli ndani yake, na Morris aliichapisha mwenyewe mwaka 1956. Lakini aliendelea kupima makundi mengine, na mwelekeo ukabaki uleule. Mtu anayejishughulisha, moyo wake hudumu. Mwenyewe Morris alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Mwaka huohuo wa 1953, Uingereza hiyohiyo, Watson na Crick walitangaza umbo la DNA, ile ngazi iliyojisokota. Nani angedhani kwamba ngazi za basi na ngazi ya DNA zingekuja kukutana kwenye stori moja?

Vijana watano kitandani

Makonda walionyesha kwamba kujishughulisha kunasaidia. Kule Dallas, Marekani, mwaka 1966 ikaja zamu ya kupima upande wa pili: mtu akitulia kabisa, anatunza mwili kama Pearl alivyodai?

Vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu. Hawakuwa wagonjwa, kazi yao ilikuwa kulala tu. Walipoamka na kupimwa, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo.

Miaka 30 baadaye, watafiti waliwatafuta wote watano na kuwapima tena. Sasa walikuwa na miaka 50, vitambi vimeshatokea. Kilichoonekana kilishangaza wengi: zile wiki tatu za kitandani ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Mshumaa wa Pearl ulikuwa umezimwa kwa wiki tatu, na badala ya kubaki mrefu, ukayeyuka wenyewe.

Kutu ndani ya mwili

Lakini wazo la mshumaa halikufa. Lilirudi likiwa limevaa koti la maabara.

Mwaka 1954, Rebeca Gerschman, mwanasayansi kutoka Argentina aliyekuwa akifanya kazi Rochester, Marekani, alitoa hoja iliyowashtua wenzake. Alisema oksijeni ikizidi huumiza mwili kwa njia inayofanana na mionzi, kwa sababu vyote viwili huzalisha radikali huru. Hizi ni molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake. Kwa kuwa hazijakamilika, hupora elektroni kwa jirani, na jirani aliyeporwa naye hupora kwa mwingine. Ikitokea jirani huyo ni utando wa seli, unatoboka. Akiwa ni DNA, inakatika au herufi yake moja inaharibika.

Mwaka huohuo, mkemia Denham Harman aliyekuwa Berkeley, California, alikuwa anawaza kwa nini viumbe huzeeka. Kabla ya kusomea udaktari alifanya kazi kwenye kampuni ya mafuta, kwa hiyo radikali alizijua vizuri. Mwaka 1956 akachapisha nadharia yake: uzee ni matokeo ya radikali huru kuuharibu mwili kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Kwa lugha rahisi, oksijeni inayokupa uhai ndiyo inayokupa kutu.

Wengi hawakumjali mpaka mwaka 1969. Mwaka huo Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kazi ya kimeng'enya kinachoitwa SOD. Kazi yenyewe ni kuzima aina mojawapo ya radikali hizo. Hapo ikawa dhahiri. Kama mwili una wazimamoto wake, maana yake humo ndani kuna moto kila siku. Na pale cheche zinapozidi uwezo wa wazimamoto, ndipo panapatikana hali ambayo wataalamu wanaiita mkazo wa oksidi.

Miaka ya 1990 mtafiti Bruce Ames na wenzake walikadiria kwamba DNA ya kila seli ya binadamu hupigwa na oksidi mara 10,000 hivi kwa siku moja. Hiyo ni kwa mtu aliyekaa tu anaangalia runinga. Je, kwa anayekimbia?

Pumzi ya waendesha baiskeli

Hesabu ilikuwa rahisi, na ya kutisha. Mtu anayekimbia kwa nguvu anaweza kutumia oksijeni mara 10 au zaidi ya anayepumzika. Oksijeni nyingi, cheche nyingi. Ikabaki kuzikamata hizo cheche.

Mwaka 1978, kwenye Chuo Kikuu cha California, Davis, watu waliokubali kujitolea walipanda baiskeli zisizotembea na kupiga pedali huku pumzi yao ikikusanywa. Ndani yake watafiti walitafuta pentani, gesi ndogo inayotoka pale mafuta ya kwenye tando za seli yanaposhambuliwa na oksidi. Waliipata. Kadiri kazi ilivyokuwa ngumu, pentani iliongezeka. Waliopewa vitamini E walitoa pungufu.

Mwaka 1982, Berkeley wakaenda ndani zaidi. Panya walikimbizwa mpaka wakachoka kabisa, kisha misuli na maini yao yakapimwa kwa mashine inayonasa dalili za radikali zenyewe. Dalili hizo zilikuwa zimepanda mara mbili mpaka tatu.

Kwenye ripoti ile kulikuwa na kadokezo kadogo. Watafiti walisema huenda uharibifu huo ndio unaouamsha mwili ujenge mitokondria mpya, vile vinu vya nishati vinavyofanya mtu wa mazoezi awe na pumzi. Yaani jibu la stori nzima lilikuwa limeshaandikwa mwaka 1982. Ila watu wengi hawakulitilia maanani. Kilichobaki vichwani ni kitu kimoja: mazoezi yanazalisha sumu.

Biashara ya vidonge

Na palipo na sumu, hapakosi muuza dawa. Linus Pauling, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954 na ya Amani mwaka 1962, alikuwa ameshaandika kitabu mwaka 1970 akisifia vitamini C kwa dozi kubwa. Mtu mwenye Nobel mbili akiongea, nani atambishia? Antioksidanti, yaani vitu vinavyozipa radikali elektroni zitulie, zikawa gumzo. Vitamini C, vitamini E na beta-karotini zikajaa madukani, na wapenda mazoezi wakawa wateja wazuri.

Hoja ya muuzaji ilieleweka hata kwa mtoto: unakimbia, unapata kutu, kidonge kinaondoa kutu. Unapata faida ya mazoezi bila hasara yake.

Mwaka 1994: kila kitu kinagongana

Kuna miaka ambayo stori zote hukutana kituo kimoja. Kwa stori hii, mwaka huo ni 1994.

Ndio mwaka majibu ya damu ya Ulm yalipochapishwa. Walitumia kipimo ambacho msingi wake uliwekwa na watafiti wa Sweden mwaka 1984 na kuboreshwa mwaka 1988. Seli huwekwa kwenye jeli, umeme unapitishwa, na vipande vya DNA vilivyokatika vinavutwa nje ya seli. Kwenye darubini, seli nzima ni kidoti cha duara. Seli iliyoumia inaonekana kama nyota yenye mkia. Damu ya Ulm ilianza kuonyesha mikia saa chache baada ya mbio, na mikia ikawa mirefu zaidi baada ya saa 24.

Mwaka huohuo, Kenneth Cooper, daktari wa zamani wa jeshi la anga la Marekani, alitoa kitabu kipya. Huyu ndiye aliyewafanya mamilioni ya Wamarekani waanze kukimbia kwa kitabu chake cha mwaka 1968. Sasa alikuwa anasema mazoezi yasizidi kiasi, na yaende pamoja na vidonge vya antioksidanti. Baba wa mbio mwenyewe anapiga breki!

Mwaka huohuo pia, Linus Pauling alifariki kwa kansa ya tezi dume, akiwa na miaka 93.

Na mwezi Aprili wa mwaka huohuo, Finland ikatoa habari iliyowaacha watu midomo wazi. Wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara, wenye miaka 50 hadi 69, walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa vitamini E, wengine beta-karotini, wengine zote mbili, wengine vidonge visivyo na kitu. Walifuatiliwa miaka mitano mpaka minane. Kila mmoja alitarajia waliomeza beta-karotini wangepata kansa ya mapafu kwa uchache. Walipata zaidi, kwa asilimia 18.

Wengi walidhani kuna makosa kwenye hesabu. Lakini Marekani kulikuwa na utafiti mwingine unaoendelea, wa watu 18,314 waliokuwa wavuta sigara, walioacha sigara au waliofanya kazi kwenye asbesto. Januari 1996 ukasimamishwa miezi 21 kabla ya muda. Waliokuwa wanapewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa na kansa ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi, na vifo kwa asilimia 17 zaidi.

Hao nao hawana majina. Walikuwa watu wa kawaida waliomeza kidonge kila siku wakiamini kinawalinda. Baadhi yao walizikwa kabla ya kujua kwamba hakikuwa kinawalinda. Utafiti wao haukuhusu mazoezi moja kwa moja, lakini uliitikisa nguzo ambayo biashara yote iliegemea: kwamba kila kinachozima radikali ni lazima kimsaidie mtu.

Siku ya pili, siku ya tano

Turudi kwenye mikia ya Ulm. Watafiti hawakuishia saa 24. Waliendelea kuchukua damu, na baada ya saa 72 mikia ilikuwa imeondoka. DNA ilikuwa imeshafumwa upya. Kumbe picha ya kutisha ilikuwa ni picha ya siku moja tu.

Mwaka 1996 likaja swali jingine: je, wote huumia sawa? Wanaume waliozoea mazoezi na wasiozoea walikimbizwa kwenye mashine mpaka wachoke. Kesho yake, waliozoea walikuwa na uharibifu mdogo. Mbio walikimbia wote, ila miili ya waliozoea ilikuwa imeshajifunza.

Wahungari wakaenda kwa wakimbiaji wa mbio ndefu kuliko marathoni. Hawa walikimbia zaidi ya kilomita 300 kwa siku nne. Kila siku mkojo wao ulipimwa kuona kiasi cha 8-OHdG. Hiyo ni herufi ya DNA iliyopigwa na oksidi, ambayo mwili unaikata na kuitupa nje. Wajapani ndio walioonyesha kwa mara ya kwanza, mwaka 1984, jinsi herufi hiyo inavyoharibika hivyo. Siku ya kwanza ya mbio kiwango kilipanda sana. Mtu angetegemea siku ya nne kiwe maradufu. Siku ya nne kilikuwa kimeshuka, na jamaa walikuwa bado wanakimbia.

Ilikuwaje? Sehemu ya jibu ilipatikana ndani ya misuli ya wakimbiaji wa marathoni. Kimeng'enya kiitwacho OGG1, fundi anayeing'oa ile herufi mbovu, kilionekana kufanya kazi zaidi baada ya mbio. Mwili haukukaa kusubiri uharibifu uishe wenyewe. Uliita mafundi.

Kisha wakaja Waaustria na mtihani mgumu kuliko yote: shindano la Ironman. Kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, halafu marathoni kamili, ndani ya siku moja. Watafiti wa Vienna walichukua damu ya washiriki kabla na baada. Siku moja baada ya mbio, DNA ilikuwa na mikato zaidi. Siku ya tano, mikato ilikuwa imeshuka tena.

Hapo lazima isemwe wazi: hawa walikuwa watu waliojiandaa kwa muda mrefu. Mtu asiyewahi kukimbia hata kilomita mbili hawezi kuchukua majibu yao akayafanya yake.

Vijana wa Jena na kidonge kilichoiba faida

Mpaka hapo ilikuwa imejulikana kwamba mazoezi yanaumiza, na kwamba mwili unajitengeneza. Ikabaki swali la mwisho: kile kidonge kinachozuia kuumia, kinazuia nini kingine?

Mwaka 2009, watafiti kutoka Jena na Leipzig, Ujerumani, walichapisha majibu. Vijana wa kiume 39, baadhi wamezoea mazoezi na baadhi hawajazoea, walifanya mazoezi wiki nne, siku tano kila wiki. Karibu nusu yao walipewa miligramu 1,000 za vitamini C na uniti 400 za vitamini E kila siku. Wengine hawakupewa vitamini. Walipimwa jinsi miili yao inavyoitikia insulini, jambo ambalo ni kinga kubwa dhidi ya kisukari. Walikubali hata kutolewa vipande vidogo vya misuli.

Wasiomeza vitamini waliitikia insulini vizuri zaidi baada ya wiki nne. Vimeng'enya vyao vya kuzima radikali, vile vya asili, navyo vikaongezeka. Waliomeza vitamini walitoka jasho lilelile, kwa siku zilezile, na faida hizo hawakuzipata.

Kwa hiyo cheche zile si taka tu. Ni ujumbe. Misuli ikifanya kazi hutoa radikali, radikali hupiga kengele ndani ya seli, na seli hujibu kwa kuongeza wazimamoto, mafundi wa DNA na vinu vipya vya nishati. Kidonge kikizima cheche zote, kengele hailii. Mafundi wanabaki nyumbani. Wahenga walishasema, dawa ya moto ni moto.

Tafiti zote hazikukubaliana kwa kila kipengele, na ni haki kulisema hilo. Mwaka 2014 Norway walijaribu vijana 54, wa kike na wa kiume, kwa wiki 11 za mazoezi pamoja na vitamini C na E. Pumzi za makundi mawili ziliongezeka karibu sawa. Lakini ndani ya misuli, alama za vinu vya nishati ziliongezeka kwa wasiomeza tu. Kwa hiyo wengine huona hasara kubwa, wengine ndogo. Ila ile ahadi ya muuzaji, kwamba kidonge kinamwongezea faida mtu mwenye afya anayefanya mazoezi, haikupata wa kuitetea hapo.

Na jambo moja lisichanganywe. Zilizopimwa hapa ni dozi kubwa za vidonge, si machungwa, mchicha wala maembe. Matunda na mboga hazikushtakiwa kwenye kesi hii. Wala mgonjwa au mjamzito aliyeandikiwa vitamini na daktari hana sababu ya kuziacha kwa sababu ya vijana wa Jena.

Kilichobaki baada ya karne nzima

Pearl hakukosea kila kitu. Kuna moto, tena wa kweli. Harman hakukosea, kutu ipo. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98, na radikali zake bado zinafundishwa vyuoni. Walichokosa ni upande wa pili. Mshumaa haujui kujiongezea nta, lakini mwili unajua. Mwaka 2015 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa watu watatu walioeleza jinsi seli zinavyotengeneza DNA iliyoharibika. Ufundi huo unaendelea muda wote, usiku na mchana, ndani ya kila mtu.

Ndiyo maana ile hofu ya mwanzo ilikuwa nusu ya ukweli. Mazoezi makali yanaumiza DNA. Hilo limepimwa. Lakini anayekaa tu naye anapigwa na oksidi kila siku, tena akiwa na wazimamoto wachache na mafundi waliolala. Tofauti ni kwamba wa kwanza anaumia kidogo, anapumzika, anaamka imara. Wa pili anaumia polepole na hana kinachomwamsha.

Katika hilo lote, neno linalosahaulika ni kupumzika. Mikia ya Ulm ilihitaji siku tatu kuondoka. Mikato ya Ironman ilikuwa imeshuka siku ya tano. Yule anayeanza mazoezi Jumatatu kwa fujo, akarudia Jumanne na Jumatano kwa fujo ileile kwa sababu kaona video ya mtu mtandaoni, anawanyima mafundi muda wa kazi. Na kwa kuwa hajazoea, uharibifu wake ndio mkubwa kuliko wa yule aliyemuiga. Kuanza na mwendo wa kawaida, kuongeza kidogo kidogo na kulala vizuri si uoga. Ndivyo mwili unavyojifunza.

Makonda wa London hawakujua lolote kuhusu radikali huru. Walipanda ngazi kwa sababu abiria wa juu naye alitakiwa alipe nauli. Desemba 2005 yale mabasi ya zamani yaliyokuwa na makonda yaliondolewa kwenye njia za kawaida za jiji, na kazi yenyewe ikaisha kwenye njia hizo. Majina yao hayapo kwenye kitabu chochote cha sayansi, kama vile majina ya watu wa Ulm, wazee wa Finland na vijana wa Jena yasivyokuwepo. Lakini daktari anapomwambia mgonjwa leo aache lifti apande ngazi, anaongea kwa ushahidi walioutoa wao.